Ukuta Nyuma ya Shela

Mjomba wangu Munyao aliwafutia watu wa Thika chunusi kwa miaka ishirini na saba, na sikumbuki hata mmoja aliyemshukuru, kwa sababu kazi yake ikifanywa vizuri haionekani. Unaingia studio na uso wa madoa, unatoka na picha safi, unaamini ndivyo ulivyo. Alikuwa na penseli zilizochongwa zikawa na ncha ya sindano, wembe, brashi ya nywele tatu nne hivi, na kioo cha kukuzia alichokibana jichoni kama fundi wa saa. Akiinama juu ya negativu, ile filamu ya kuchapia picha, alisahau kupumua. Nilikuwa nikimtania kwamba siku moja tutamzika kwa sababu ya chunusi ya mtu mwingine.

Nasema mapema kwamba nampenda huyu mzee, ili usinishuku nikianza kumsema. Alikuwa mkaidi. Alitoka Yatta akiwa kijana, akafanya kazi kiwanda cha nguo mpaka kifua kikalikataa vumbi la pamba, ndipo fundi mmoja wa picha akamchukua na kumfundisha. Fundi alipozeeka alimwachia kila kitu: chumba nyuma ya soko, kamera, na mapazia mawili ya kupigia picha yaliyochorwa kwa rangi. Pazia moja lilikuwa na bustani yenye maua na chemchemi. La pili lilikuwa na kanisa lenye msalaba mkubwa juu ya paa, la harusi. Watu wa Thika walioana mbele ya kanisa hilo la kitambaa mpaka likawa maarufu kuliko makanisa ya matofali.

Duka lililopakana na studio lilikuwa la vitambaa, la Mzee Idarous. Idarous ni mzaliwa wa Majengo, pale pale Thika, mwenye damu ya Kinyamwezi, ya Kikikuyu na ya Kinubi, na Kiswahili cha kwetu cha bara. Yeye na mjomba walikunywa chai ya saa nne pamoja kila siku ya kazi tangu mwaka wa sabini na sita. Mmoja akitoka msikitini na mwingine akitoka kanisani, dini haikuwahi kuketi kwenye lile benchi lao. Waliongea juu ya mpira, bei ya sukari na magoti yao.

Nilipokuwa mdogo nilipenda kumtazama Idarous akiuza. Mteja akiuliza kama kitambaa ni chepesi au kizito, hakujibu. Alipitisha kiganja chini ya kitambaa akamwonyesha. "Mkunjo mmoja, unaona mkono," angesema. "Miwili, unaona kivuli ya mkono. Mitatu, mkono imeenda nyumbani." Wanawake walicheka kila mara, hata waliokuwa wameyasikia mara kumi.

Februari ya mwaka wa tisini na nane, baada ya Idd, Idarous alimwoza binti yake mkubwa, Sumeya, kwa kijana anayeitwa Mahir wa Isiolo. Shela aliikata Idarous mwenyewe kutoka kwa robota la neti nyeupe alilokuwa ameliweka miaka miwili akilisubiri. Na alipotafuta mpiga picha, hakutafuta. Aligonga ukuta wa duka lake mara tatu, ishara yao ya chai, mjomba akaja, akaambiwa, "Sumeya ni wako kama ni wangu. Mpige picha mzuri."

Sasa sikiliza jinsi mtu anavyoweza kuharibu kitu kwa kukiheshimu kupita kiasi. Mjomba hangeweza kumweka binti wa Idarous mbele ya kanisa, hilo alilijua bila kuambiwa. Akalitoa pazia la bustani, akaliona lina vumbi, na kwa heshima ya rafiki yake akalifua. Hakuwa amelifua tangu alipolirithi. Lilipokauka, nusu ya maua yalikuwa yameenda na maji na kitambaa kimebaki chepesi. Akalitundika pale pale, mbele ya pazia la kanisa, kwa kuwa fito ilikuwa moja, na nyuma yake kulikuwa na dirisha. Asubuhi ile palikuwa na mawingu. Sumeya akasimama, akauinua mkono wa kushoto juu kuliko kichwa, akaishika ncha ya shela na kuitandaza kando yake, mtindo ambao mjomba aliwafundisha maarusi wote. Naye mjomba, akiona haya kumkodolea macho binti wa watu mbele ya mamake, alipima mwanga, akainamisha kichwa, akapiga picha nne haraka haraka. Hakuona kwamba jua lilikuwa limetoka mawinguni, likapenya dirisha na mapazia yote mawili.

Heshima yake haikuishia hapo. Picha za rangi zilisafishwa kwenye maabara ya mjini, zikarudi katika bahasha iliyofungwa. Mjomba hakuifungua. Alimpelekea Idarous hivyo hivyo, ili baba awe wa kwanza kumwona binti yake.

Jumatatu hiyo Idarous hakugonga ukuta. Aliingia studio mwenyewe, akaiweka bahasha mezani, akatoa picha moja na kuigeuza ielekee upande wa mjomba. Bustani ilikuwa imefifia, na ndani yake, kivuli cha paa la kanisa kilipita kutoka upande hadi upande. Na katikati ya shela iliyotandazwa, wazi kabisa, karibu na uso wa Sumeya, ulisimama msalaba.

"Munyao," Idarous alisema, "umenifanyia nini?"

Idarous hakungoja jibu, akatoka. Jumamosi alikuwa anaenda Isiolo, na mama mkwe wa Sumeya alikuwa ameiulizia picha hiyo mara mbili. Bibi arusi alikuwa kwake Isiolo tayari, gauni la kuazima limerudishwa Eastleigh, hina mikononi inafifia. Hakukuwa na kurudia. Saa nne ilifika, chai ikapoa, na siku iliyofuata ikawa hivyo hivyo. Pale sokoni walikuwapo watu, na nitawasamehe siku nikizeeka, walioanza kunong'ona kwamba Mkamba yule alifanya makusudi.

Mjomba alijaribu njia yake. Alichukua picha moja, akachanganya rangi nyeupe na kijivu, akaupaka ule msalaba kwa brashi ya nywele tatu. Msalaba uliondoka, na shela ikaondoka nao. Mahali pake palikuwa na kiraka cheupe kama bandeji. Alipaka tena picha ya pili, nyepesi zaidi, na msalaba ukachungulia. Chunusi unaweza kuifunika kwa sababu ngozi haina kitu nyuma yake. Shela ni kitu ambacho kazi yake ni kuonyesha kilicho nyuma. Aliniambia baadaye kwamba alikaa chini akalia, na sioni aibu kuliandika.

Jumatano alikuja kwangu. Wakati huo nilikuwa na chumba kimoja Kahawa Wendani, kompyuta moja ya mtumba, printa na skana, nikiwachapia wanafunzi wa chuo kikuu tasnifu zao. Mimi na yeye tulikuwa tumekosana Krismasi. Nilikuwa nimemwambia aweke kompyuta studio kabla kazi haijamkimbia, naye alikuwa amenijibu mbele ya familia nzima kwamba mashine haina jicho. Kwa hiyo nilipomwona mlangoni, kofia mkononi, nilijua mambo ni mabaya.

"Mutheu," alisema, "ile kitu yako inaweza kutoa msalaba kwa shela?"

"Hiyo ni rahisi, mjomba. Kaa hapo uone."

Nilikuwa na maringo, nakiri. Niliiingiza picha kwa skana, nikafungua programu ya picha, nikachukua kamba ya kuchagulia. Unaburuta kipanya kukizunguka kitu, na mstari wa vidoti unaanza kutembea ukingoni. Kilicho ndani ya vidoti kimechaguliwa, kilicho nje hakijachaguliwa.

"Mbona hivyo vidoti vinatembea?" mjomba akauliza. "Vinaenda wapi?"

"Haviendi mahali. Vinakuonyesha tu tumechagua wapi."

Nilimzunguka Sumeya wote, na shela yake, nikamkata, nikamhamishia juu ya leya mpya. Nikamweleza mjomba kwamba leya ni kama karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga: unachora juu ya moja, unaiweka juu ya nyingine, na pasipochorwa kitu unaona ya chini. Chini nikaweka rangi ya samawati tupu. Nikaegemea kiti nikingoja sifa.

Shela ilionekana kama sahani ya bati. Ukingo wake ulikuwa na meno, na ndani yake bado mlikuwa na bustani, paa na msalaba, vyote vimekatwa pamoja na neti. Samawati haikupita hata kidogo.

"Umekata kama unakata kadi," mjomba alisema taratibu. "Kwa darkroom, kwa giza ya kusafishia picha, sikati. Nashika karatasi chini ya taa, naitingisha, ndio ukingo ilainike. Sasa niambie. Hiyo kitu ikichagua mahali, ni ndiyo ama hapana tu? Katikati ya ndiyo na hapana haina kitu?"

"Mjomba, kompyuta ni ndiyo na hapana. Ndivyo imetengenezwa."

"Hebu angalia kwa kitabu."

Nilikuwa na kitabu cha programu, kinene, ambacho sikuwahi kupita ukurasa wa arubaini. Nilikifungua kwa hasira ili nimwonyeshe kwamba hakuna. Na hapo, katika sura ambayo ningeisoma miaka miwili mapema kama ningekuwa na adabu, nikakuta kwamba mahali panaweza kuchaguliwa nusu. Panaweza kuchaguliwa robo, au kidogo sana. Unaipa leya barakoa, yaani picha ya pili ya rangi nyeusi na nyeupe inayokaa juu yake. Palipo peupe, leya inaonekana yote. Palipo peusi, inajificha. Palipo kijivu, inaonekana kwa kiasi cha kijivu chenyewe na kilichobaki kinaachiwa leya ya chini. Na kutoka nyeusi hadi nyeupe zilikuwako ngazi mia mbili hamsini na sita.

Nilimsomea.

"Mia mbili hamsini na sita," alisema. "Na wewe umekaa hapa ukitumia mbili."

Nikakiegemeza kitabu wazi kando ya kompyuta.

Kuanzia hapo mjomba ndiye aliyefanya kazi, mimi nilikuwa mkono tu. Kipanya kilimshinda, kilikimbia kama kina akili yake, kwa hiyo alisimama nyuma yangu akiniongoza kwa kidole juu ya kioo. Kwanza msalaba. Kijivu peke yake hakingeuondoa, kwa sababu ulikuwa umeshaingia ndani ya rangi ya neti yenyewe. Aliniambia nichague kipande safi cha shela cha pembeni, ukingo wake uwe laini, nikinakili, nikiweke juu ya msalaba kwa leya yake. Kisha kingine, mahali mikunjo inaelekea upande huo huo. Tulitumia vipande kumi na moja, na kwa paa la kanisa zaidi ya ishirini. Kompyuta ilifikiri dakika nzima kwa kila kimoja, ile alama ya saa ya mchanga ikikaa kwenye kioo, na mjomba akisahau kupumua pale pale nyuma ya sikio langu.

Shela ilipokuwa safi tuliunganisha vile viraka nayo, nikaipa barakoa, kisha tukakwama. Kijivu kiasi gani? Mjomba aliingiza mkono mfukoni akatoa kipande cha neti. Alikuwa ameomba masalio kwa Mama Sumeya, Bi Khamisa, siku ile ya picha, apimie mwanga. Akakitandaza juu ya kioo cha kompyuta, mkunjo mmoja, akapitisha kiganja chini yake.

"Unaona mkono," alisema.

Akakunja mara mbili. "Kivuli ya mkono."

Mara tatu. Hapo tuliisikia sote sauti ya Idarous, na mjomba akageuka akatazama dirishani kidogo.

Basi tukahesabu mikunjo ya shela ya Sumeya, mmoja mmoja, kutoka begani hadi kwenye ncha ya vidole. Penye neti moja, kijivu cheusi. Penye mbili, cha katikati. Kwenye pindo na mapambo ya ukingoni, karibu nyeupe. Uso na gauni, nyeupe kabisa. Stima ilipotea mara moja tukapoteza kazi ya saa nzima, nikasema maneno ambayo mjomba alijifanya hajayasikia. Tukaanza upya. Ilipofika jioni, rangi ya samawati iliyokuwa chini ilikuwa inapita kwenye shela kama mwanga unavyopita kwenye pazia la nyumbani. Nilisisimka. Miaka miwili nilikuwa na mashine hiyo na sikujua ilikuwa inaweza kufanya kitu kizuri.

Kilichobaki kilikuwa cha kuweka nyuma. Nilikuwa na diski ya picha za tayari: milima yenye theluji, maporomoko ya maji, magari mekundu. Mjomba alizitazama zote kwa uvumilivu.

"Huyu msichana amelelewa Majengo," alisema. "Theluji ya nini?"

Alhamisi akaenda Majengo na kamera, saa ambayo Idarous yuko dukani. Bi Khamisa alimfungulia. Mjomba alisema alikuwa amejiandaa kwa maneno makali, lakini mama wa watu alimwambia tu, "Munyao, yeye pia hanywi chai," akampisha aingie. Sebule yao ilikuwa na ukuta wa samawati, na mwanga wa mlango uliuangukia vizuri. Akaupiga picha ukuta mtupu, akashukuru, akapitisha filamu maabara, na saa tisa alikuwa kwangu tena.

Niliuweka ukuta kwenye leya ya chini kabisa. Ulitulia nyuma ya Sumeya kana kwamba amesimama hapo maisha yake yote, na kwa kweli ndivyo ilivyokuwa. Nikaikuza picha kuangalia ukingo, ndipo nikaona uchafu ukutani: mistari mifupi ya penseli, mmoja juu ya mwingine, na namba ndogo pembeni.

"Hii naitoa," nilisema. "Ni dakika mbili tu."

"Ngoja."

Alikibana kile kioo chake jichoni, akakisogeza karibu na kompyuta. Themanini. Themanini na moja. Themanini na mbili, herufi S pembeni. Ilikuwa miaka, na iliendelea hadi tisini na moja, kisha ikaisha. Idarous alikuwa akimpima binti yake kila Idd, mgongo ukutani, mpaka msichana akawa mkubwa akakataa kupimwa.

Mtu ambaye alikuwa amewafutia watu alama kwa miaka ishirini na saba aliziangalia zile alama muda mrefu. Kisha akaniambia niupunguze ukuta mpaka ulingane na kimo cha Sumeya, na niusogeze. "Kulia. Kidogo tena. Hapo." Mistari yote ikawa nyuma ya shela iliyotandazwa, palipo na mkunjo mmoja, hafifu, lakini ukitazama unaiona.

Kisha aliniomba mambo mawili. La kwanza, niondoe leya ya picha ya zamani. Nilimwambia hakuna haja, imefunikwa, hakuna atakayeiona.

"Iko chini?"

"Iko, lakini imejificha."

"Toa kabisa. Msalaba ni wangu, naupenda, Jumapili nitakuwa mbele yake. Lakini sitampa Idarous picha iko na msalaba chini yake bila yeye kujua."

Nikaitoa. La pili nitalisema baadaye kidogo.

Ijumaa nilipeleka diski Nairobi kwa watu wenye printa nzuri, na Jumamosi asubuhi tulikuwa mbele ya duka la vitambaa kabla halijafunguliwa, mimi na mjomba, yeye akiwa amevaa koti la kanisani. Idarous alikuja na begi la safari. Alituona, akasimama. Mjomba alikuwa ametunga hotuba njiani, nilimsikia akiirudia. Hakusema hata neno moja la ile hotuba. Alinyoosha bahasha, ikiwa wazi.

"Nimeiangalia kwanza mara hii," alisema.

Idarous alitoa picha akaielekeza kwenye mwanga. Alitafuta msalaba, hilo lilionekana wazi, macho yakienda moja kwa moja mahali ulipokuwa. Kisha mkono wake ukafanya jambo ambalo nadhani hakulijua: kiganja kilipita chini ya karatasi, mahali penye shela, jinsi alivyowafanyia wateja miaka yote. Karatasi ya picha haipitishi kitu. Lakini alikuwa ameshaona kitu kingine kikipita. Aliisogeza picha karibu na uso.

"Huu ni ukuta wangu."

"Ndio," mjomba akasema.

"Themanini na tatu hapa, alikuwa na surua. Nilimshikilia asianguke." Kidole chake kilipanda, mstari kwa mstari, kupitia shela. "Tisini. Tisini na moja, hapa ndio alinikatalia, akaniambia baba mimi si mtoto." Kidole kikaendelea kupanda, kikafika sawasawa na kichwa cha bibi arusi, kikasimama. Palikuwa na mstari mwingine pale, mfupi, na namba tisini na nane.

"Hii ya juu sikuchora mimi."

"Ni mimi," alisema mjomba. "Alikuwa amesimama hapo wima, na wewe haukuwako. Nikaona nimpime."

Hilo ndilo jambo la pili alilokuwa ameniomba. Maisha yake yote aliondoa vitu kwenye picha za watu, na huo mstari ndio kitu pekee ninachojua kwamba aliwahi kuongeza. Aliuchora yeye mwenyewe, kwa kipanya, ulimi nje, na ilimchukua majaribio tisa.

Idarous aliketi kwenye benchi la chai na picha magotini. Alilia bila kuficha, na mjomba akaketi kando yake, begi la Isiolo likiwa katikati yao. Walikaa hivyo mpaka mwenye hoteli ya chai ya ng'ambo ya barabara akawaletea vikombe viwili bila kuulizwa, ingawa ilikuwa haijafika hata saa moja.

"Ni mrefu," Idarous alisema mwishowe. "Munyao, sikujua amekuwa mrefu hivi."